Namna ya Kuchagua Wimbo wa Piano Utakaokushinda

Tamasha za Muziki za Kenya zilianza mwaka 1927, na hadi leo ngazi ni za kupanda moja moja: kaunti ndogo, kaunti, mkoa, kisha taifa. Zamu yako imekaribia, nawe uko Mkongani, ambako piano ya kweli ni habari ya mahoteli ya Diani. Usiwe na wasiwasi. Fuata hatua hizi na jina lako litavuma, angalau kwa majirani.

1. Chagua kwa jina. Wimbo wa maana ni ule ambao mjomba hawezi kuutaja bila kujiuma ulimi. "La Campanella" ya Liszt yafaa sana: mkono wa kulia huruka zaidi ya oktava nzima na kurudi, mbio mbio. Usiwaulize wapigaji wa ngoma ya sengenya. Hao hawaingii uwanjani na ngoma waliyojifunza juzi, na ndiyo maana hawashangazi mtu.

2. Usihesabu vibonyezo. Piano ina 88, kinanda cha kawaida kama chako, 61. Hivyo 27 vilivyopungua ni vya nini? Jaribu sonata ya Beethoven ya 1801, ile ya mbalamwezi. Kwenye kipimo cha kwanza, kidole kidogo cha kushoto kinatua salama kwenye kibonyezo cha pili kutoka mwisho. Kipimo cha pili, wimbo unashuka na kinanda kimekwisha: kidole kinagonga plastiki. Gonga kwa hisia. Majaji wataelewa ulikuwa na nia njema.

3. Jua mwanzo tu. "Für Elise" iliandikwa 1810 ikachapishwa 1867, miaka 40 baada ya Beethoven kufa. Kama yeye hakuwa na haraka, wewe wakimbilia wapi? Rudia ule mwanzo unaojulikana na kila mtu. Huko katikati, noti zinapoanza kumiminika, utafika ukijaliwa.

4. Epuka Minueti ya G. Ina vipimo 32, mikono haipigani vikumbo, na yote inaenea kwenye kinanda chako. Kwa miaka mingi ilisemekana ni ya Bach, kumbe ni ya Christian Petzold. Nani atapanda jukwaani na Petzold? Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba utaimaliza, tena mapema, kisha ubakiwe na wiki nzima za kurekebisha mdundo, sauti ya juu na ya chini, na namna ya kuinama mbele ya watu. Kazi yote hiyo ya nini?

5. Fanya mazoezi kwa imani. Mtaka cha mvunguni huinama, na kinanda chako, bahati nzuri, kiko mvunguni mwa kitanda. Kiache huko mpaka wiki ya mwisho. Stima ikipotea, hiyo ni dalili kwamba umeshaiva. Bibi akiuliza, "Mjukuu wangu, huo wimbo hauna mwisho?" mjibu kwa adabu kwamba mwisho umewekewa majaji.

Siku yenyewe, majaji wataandika alama za walichosikia. Ulichokusudia hakina safu kwenye karatasi yao. Yule mtoto aliyepanda jukwaani na Petzold ataitwa kwenda ngazi ya kaunti. Mpe mkono wa pongezi, kisha umwombe zile noti zake ukatoe kopi.