Tumezama, Mwalimu?

Siku niliyoingia darasa la nne na simu badala ya chaki, nilijiona profesa. Somo lilikuwa wilaya yetu, Isingiro. Ramani niliyoichora ubaoni wiki iliyotangulia wanafunzi waliifananisha na muhogo uliotafunwa na panya. Safari hii, nikatamba, itachora setilaiti!

Jumamosi nilikuwa nimepanda teksi hadi Mbarara kuipakua ramani nzima, maana kwetu Nakivale mtandao ni mgeni mwenye aibu: hupiga hodi, haingii. Sasa watoto 84 wakakibanania kioo cha ukubwa wa kiganja. Kitone cha buluu kikaibuka, katikati ya Ziwa Nakivale.

"Mwalimu, tumezama?" akauliza binti wa dawati la mbele.

"Bado," akajibu mtoto wa mvuvi. "Viboko wangeshatupindua."

Nikaitikisa simu kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kitone kikaruka, kikatua kwenye kijani kitupu. Makazi haya ya wakimbizi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, yaitangulia bendera ya Uganda huru kwa miaka minne, lakini kwenye ramani shule yetu haikuwapo. Kumbe pia nilisahau kuifuta safari ya Jumamosi. Sauti ya mwanamke ikaamuru kwa Kiingereza tugeuke nyuma. Nusu ya darasa ikageuka.

Nikakimbilia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuiongezea. Tukatoka nje kuhesabu hatua na kuandika. Wa kijiji cha New Congo akataka kanisa lao litangulie, Msomali akataka duka la mjomba wake, Mrundi akashika bomba la maji. Kila mmoja alitaka kwao pawe mji mkuu. Mwisho wakachora njia ya kila mtu kutoka nyumbani hadi shuleni, yangu ikiwemo.

"Mbona ya mwalimu inazunguka?" akauliza yule binti.

Kweli, ilifika karibu na kibanda cha Mama Maandazi, ikakata kona kali, ikapitia nyuma ya kinu cha kusaga, kisha ikarudi barabarani. Nikasema huko kuna kivuli. Deni la mwezi mzima sikulitaja.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nimeshakata kona, nikasikia sauti kutoka kibandani:

"Mwalimu! Watoto wanasema ramani inaonyesha huku ndiko karibu!"