Shangazi: Amelipa

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuzikana cha mtaa wetu hapa Makanyagio, Mpanda mjini. Kazi hii haina mshahara, haina posho, haina likizo, maana watu hawafi kwa ratiba. Nina daftari kubwa la jalada gumu, kalamu mbili ambazo moja haiandiki, na lawama zisizohesabika. Aliyechelewa kulipa ananinunia kwa kuwa nimemdai. Aliyelipa mapema ananinunia kwa kuwa sijamdai vya kutosha yule aliyechelewa. Nayasema haya mapema ili nikianza kulalamika kuhusu misiba mjue analalamika fundi, si mpita njia.

Juzi kijana wangu wa kidato cha tatu kaingia sebuleni, uso umemshuka. Kafa mwanamuziki mmoja huko Marekani. Nikampa pole kama ilivyo ada, nikamuuliza marehemu alikuwa mtu wa umri gani. Akanitajia tarehe ya kuzaliwa, mji aliozaliwa, jina la mbwa wake na idadi ya magari aliyoyaacha. Kisha akaomba shilingi elfu moja.

"Ya rambirambi?"

"Hapana, baba. Ya bando, niposti."

Kwa hiyo rambirambi inaliwa na kampuni ya simu, na mfiwa ni mimi. Haikupita dakika mbili simu yangu ikalia: kijana kaandika kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Hilo ni pengo la nne tangu shule zifunguliwe. Kwa hesabu za mwanangu, dunia hii imeshakuwa kibogoyo.

Nikajiandaa kumfokea. Mama yake akachungulia kutoka jikoni, akasema neno moja tu: "Kanumba." Nikafunga mdomo.

Maana kweli, mimi nami si msafi. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na miaka 28. Jana yake ilikuwa Ijumaa Kuu, kesho yake Pasaka. Siku yenyewe ilikuwa Siku ya Karume, tena si Karume ya kila mwaka, bali miaka 40 kamili tangu Mzee Abeid Amani Karume auawe pale Zanzibar mwaka 1972. Nyumbani kwangu hakuna aliyemkumbuka Karume, na Mola atusamehe, hata ufufuko tuliusikiliza kwa sikio moja. Pilau iliungua. Hakuna aliyeisema.

Mkoa wetu wa Katavi ulikuwa bado mchanga, umemegwa kutoka Rukwa majuzi tu, hatujazoea hata kuliandika jina lake kwenye bahasha. Lakini Kanumba tulishamzoea. Kwenye mabanda ya video tulishinda naye na tukakesha naye. Ndugu zetu Wasukuma, waliojaa huku na ng'ombe wao, wakasema huyo ni wa kwao, kazaliwa Shinyanga, kwa hiyo wapewe pole wao kwanza. Mimi nililia. Sikulia kwa sauti, nililia kwa pua, kama watu wazima. Jumanne ya tarehe 10 redio ikatuambia kwamba umati uliofurika viwanja vya Leaders na makaburi ya Kinondoni hausemeki, watu wanazimia, na Rais Jakaya Kikwete alishafika mwenyewe Sinza kutoa pole.

Vijana wa mtaa walitaka kwenda kuzika. Hebu sikilizeni mpango wao: wapande treni ya Mpanda hadi Kaliua, wafike Tabora, wangoje, kisha waanze safari ya Dar. Barabara ya Tabora kupitia Koga, ambayo leo ina lami, miaka ile ilikuwa vumbi kiangazi na uji masika, na Aprili ni masika. Wangewahi arobaini. Basi wakaamua kuweka msiba hapahapa. Wakafunga turubai, wakasimamisha picha iliyobanduliwa kwenye kasha la CD, wakanijia mimi katibu niwatolee fedha za kikundi. Nikawauliza kama marehemu alikuwa amelipa ada. Wakaniona sina utu. Ikabidi nitoe za kwangu mfukoni, elfu tano, na mke wangu anaipata habari hiyo leo akisoma hapa.

Kwenye msiba ule usio na maiti, Shangazi alikuja kupika.

Shangazi alikuwa mpishi wa misiba yetu. Hakuajiriwa na mtu. Kilio kikisikika usiku wa manane, mwenyekiti wa mtaa bado anatafuta viatu chini ya kitanda, Shangazi ameshafika, mwiko begani kama sungusungu na rungu lake. Alijua nani ana sufuria la kulisha watu hamsini, na nani anadanganya kwamba lake limetoboka. Na alikuwa na elimu ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote: hakuhesabu watu, alihesabu ndala. Anapita mlangoni mara moja, anatupa jicho kwenye lile lundo la ndala na raba na viatu vya kanisani, anarudi jikoni: "Debe moja na nusu. Maharage ongezeni, kuna za wageni." Ndala zenye tope jeusi lililokauka alizijua ni za wakulima wa mpunga kutoka Mwamkulu, na kila jozi ya namna hiyo aliihesabu mara mbili. Sikumbuki aliyelala njaa kwenye msiba wetu, wala sikumbuki ugali uliobaki wa kutupia mbwa. Wizara nzima zina wachumi na hazijawahi kukadiria hivyo.

Siku ile aliona turubai, akasikia vilio, akaja. Akazihesabu ndala, akawasha moto. Unga ulipoanza kutokota ndipo akaniita pembeni.

"Katibu, marehemu ni mtoto wa nani?"

"Ni wa Dar, Shangazi. Yule wa kwenye video."

"Mwili unaletwa lini?"

"Hauletwi. Wanazika kulekule."

Akakoroga mara tatu, nne. "Basi hawa wanaolia wana njaa kama waliaji wengine," akasema, akaongeza unga.

Msidhani ugonjwa huu wa kuwalilia wa mbali na kuwasahau wa karibu tumeupata kwa simu. Muulizeni kijana yeyote wa hapa, Karema ni nini. Atasema migebuka. Akiwa msomaji wa magazeti atasema bandari mpya. Mtajie Adrian Atiman, atauliza anachezea timu gani. Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, kandokando ya mto Niger. Akatekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka mapadri wa White Fathers walipomkomboa huko Algeria. Wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 akafika Karema, kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, akaanza kutibu watu. Akatibu, akatibu, akaoa hukuhuku, mwanawe akawa padri, naye bado anatibu. Reli ilipofika Mpanda kufuata madini ya risasi, karibu mwaka 1950, mzee alishamaliza miaka sitini kazini. Alikufa mwaka 1956. Yaani miaka 67 ya homa na vidonda vya watu wengine, mahali ambapo hata leo mtumishi akipangiwa anatafuta barua ya uhamisho kabla hajafungua begi.

Mimi mwenyewe, mjuaji, nilimjua Atiman nikiwa mtu mzima, tena kwa bahati: nilikuwa Karema nangoja lori la samaki lililoharibika, na mzee mmoja aliyekuwa akingoja lori hilohilo akaona heri anisimulie kuliko kunitazama. Dar es Salaam kuna jengo kongwe lenye jina lake, Atiman House, ambalo watu hulipita wakiwahi pantoni. Na Sumbawanga kuna hospitali ambayo wengi huiita ya Dokta Atman. Ile i imemezwa. Mtu amekupa miaka sitini na saba, wewe unambania irabu moja.

Nitakubali kwamba mara mojamoja tunaamka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, watu 19 wakafa na 24 wakapona, na kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, akasifiwa nchi nzima kwa kuwahi na kasia lake, akapewa na ajira kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi sana. Lakini fikirieni masharti yake: ili jina lako lijulikane ukiwa hai, ndege ianguke mbele ya mtumbwi wako. Huku Mpanda tunatua kwa usalama, Mungu asifiwe, kwa hiyo hatujulikani.

Shangazi alifariki mwaka juzi, wakati wa kuvuna mahindi. Alilala, hakuamka. Hata kufa alikufa mapema asubuhi, kama mtu asiyetaka kuharibia watu siku.

Tukakusanyika. Fundi wa msalaba akaja na rangi yake nyeusi na brashi, akapiga magoti, akaniinulia macho: "Katibu, nitajie jina."

"Shangazi," nikasema.

"Shangazi nani?"

Nikamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama balozi wa nyumba kumi. Balozi akajikuna. Ilibainika hapo, mbele ya jeneza, kwamba jirani wa kulia alidhani ni shangazi wa jirani wa kushoto, na wa kushoto alidhani ni wangu. Wabende walidhani ni Mfipa, Wafipa walidhani ni Mkonongo, na mzee mmoja wa Katumba akasema yeye siku zote aliamini ni wa kwao na wamekuja pamoja kutoka Burundi mwaka 1972. Watu waliokuwa wanajua jina la mbwa wa Marekani.

Nikakimbilia daftari. Hilo ndilo lililoniuma, maana daftari ni langu na mwandiko ni wangu. Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa, miaka kumi na minne ya misiba. Shangazi: amelipa. Shangazi: amelipa. Shangazi: amelipa. Hakuwahi kudaiwa hata mara moja, na nadhani ndiyo maana sikumwuliza jina. Wadaiwa sugu nawajua mpaka majina ya ubatizo.

Kadi yake ya mpiga kura ilipatikana baadaye, ndani ya kopo la unga. Ilikuwa na majina matatu. Fundi akaandika, rangi ikatiririka kidogo kwenye la pili.

Mchungaji naye akataka picha, iwekwe mezani wakati wa ibada. Tukafukua simu zote za mtaa. Kuna harusi, kuna ubarikio, kuna mahafali ya chekechea ambayo mimi sijui kwa nini yapo, na katika kila shughuli Shangazi alikuwepo. Alikuwepo kwa nyuma. Kuna picha ya bwana harusi, na pembeni yake kiwiko kimeshika mwiko. Kuna picha ya sufuria lenyewe, aliyeipiga alikuwa anasifia wali, na juu ya sufuria kuna mgongo na kilemba cha kijani. Tukauchagua mgongo. Kijana wangu aliukuza, akaupunguza, akauzungusha, mwisho akauweka hivyohivyo. Siku hiyo hakuposti kitu wala hakuniomba bando.

Halafu watu wakasikia njaa.

Wanawake wanne wakashika miiko minne. Mmoja akasema maji yamezidi, mwingine akasema ni unga umepungua, wa tatu akasema moto, wa nne akakumbuka kwamba wa kwanza hajarudisha kanga yake tangu Krismasi. Hakuna aliyekwenda mlangoni kutazama ndala. Tulipakuliwa saa tisa alasiri: ugali umeiva nje, ndani una madonge ya unga mbichi, maharage yanagonga sahani kama kokoto. Watu walikuwa wametulia tangu asubuhi, macho makavu, maana Shangazi hakuwa na ndugu wa kuongoza kilio. Mkulima mmoja wa Mwamkulu, jitu la miraba minne, akakata tonge, akalitazama, akalirudisha sahanini. Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, na turubai zima likamfuata.

Tangu siku ile nimeanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari, naandika majina kamili. Mniamini, ni kazi ya kipuuzi. Watu wakiniona na daftari mkononi wanajificha, wanadhani nadai. Mama muuza uji ametuma mtoto aseme hayupo, na mtoto akasema, "Mama kasema hayupo."

Jana nikamwendea kijana wa bodaboda pale kijiweni, yule anayegongewa usiku kupeleka wajawazito hospitali, wengine wakimlipa, wengine wakimwambia atapita kesho. Nikamwambia nataka majina yake matatu.

"Ya nini, mzee? Nadaiwa?"

"Hudaiwi."

"Basi andika Dogo. Kila mtu ananijua."

Nikakataa, nikasimama mbele ya gurudumu. Akacheka, akapiga kiki, na pikipiki ikiwa inanguruma akanitajia yote matatu, polepole, moja baada ya jingine, kama mtu anayeyajaribu. Nikainamia daftari kuandika. Kalamu niliyokuwa nayo ni ile isiyoandika.