Vua Kandambili, Bambo

Daktari wa mifugo alikuwa ameshamaliza kuukagua mguu wa mbwa, kidole baada ya kidole. Akanawa, akafuta mikono, akainua macho amtazame mwenye mbwa, na hapo macho yakamteleza: yakashuka kifuani, yakapita magotini, yakatua kwenye kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Yakaganda.

"Vua kandambili, bambo."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Lilongwe, na foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Nyuma ya mwenye mbwa alisimama kijana na mbuzi wake, nyuma ya mbuzi mama mwenye jogoo kikapuni, na nyuma ya jogoo bibi mmoja, agogo kwa Kichewa, aliyembeba paka kwa chitenje kama mjukuu. Wote wakainama, mbuzi naye. Kidoleni palikuwa na uvimbe mweupe, wa mviringo, wenye nukta nyeusi katikati, ndugu wa tumbo moja na wale watatu waliokuwa wametoka kung'olewa kwenye mguu wa mbwa.

"Matekenya," agogo akawatangazia walio mbali.

Neno halikuhitaji mkalimani. Mswahili naye humwita funza huyu tekenya, na kutekenya ni kumgusa mtu mpaka acheke. Wiki mbili nzima mwenye mbwa alikuwa akiwaambia watu kwamba kidole kinamtekenya tu, ni kiatu. Wiki hizo hizo alikesha akimgombeza mbwa kwa kulamba na kuguguna nyayo, huku mwenyewe akijikuna kwa siri kwenye mguu wa kigoda.

Mbwa anaitwa Galu. Kwa Kichewa, galu ni mbwa. Familia ilipohamia mtaa wa Biwi, watoto waliwasikia majirani wakimpigia kelele kila alipokatiza uani, "Galu! Galu!", wakadhani wenyeji wanamfahamu. Ukweli ulipojulikana, mbwa alikuwa ameshazoea kuitika. Asubuhi hiyo karani alipouliza jina la mgonjwa aliambiwa Galu. Akaweka kalamu chini, akauliza tena polepole, kama anayeongea na mtu aliyeanguka kutoka mwembeni: "Ndiyo. Lakini jina?"

Kosa la kwanza la mwenye mbwa lilikuwa la rangi. Manyoya meupe katikati ya vidole vya Galu yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, naye akaamua kwamba ni vumbi. Siyo. Mate ya mbwa yana porfirini, mabaki ya kuvunjwavunjwa kwa chembe nyekundu za damu, na manyoya meupe yakilowa mate siku baada ya siku hushika rangi kama kiganja cha bi harusi kinavyoshika hina. Mguu mwekundu ni daftari la mahudhurio: unasema mbwa amekuwa akilamba tangu lini. Na kulamba kwenyewe huzidisha balaa. Unyevu ukibaki kati ya vidole, ukungu wa jamii ya hamira unaoishi kwenye ngozi ya mbwa bila kumsumbua huzaana kupita kiasi. Ngozi huwasha, mbwa hulamba, unyevu huongezeka. Chanzo chaweza kuwa kiroboto, utitiri wa ukurutu, mwiba, au mzio wa chakula au wa nyasi. Kwa hiyo daktari huanza kwa kupanua vidole na kutazama, jambo ambalo mwenye mbwa, aliyekuwa ameshamtibu Galu mzio, hasira na upweke, hakuwahi kulifanya.

Angetazama, angekutana na kiumbe ambaye, ukiacha kwamba anakula mguu wako, anastahili heshima.

Funza ni kiroboto mwenye urefu wa milimita moja hivi. Dume hunyonya damu akaenda zake. Jike hutafuta ngozi, huingia kichwa mbele, hujichimbia mwili mzima na kubakiza nje ncha ya makalio. Ile nukta nyeusi ndiyo hiyo: kwa tundu hilo moja hupumua, hujisaidia na kutaga. Ndani ya juma moja tumbo lake hufura mara 2,000 hivi, likafikia ukubwa wa punje ya njegere. Hutaga mayai zaidi ya 100, ambayo hudondoka mchangani mwenye mguu akitembea, na wiki nne hadi sita baada ya kuingia hufia humo humo alimopanga. Mayai huanguliwa kwa siku tatu au nne, mabuu hula takataka za udongoni, na majuma machache baadaye kizazi kipya kimesimama sebuleni kikisubiri wenye nyumba warudi kazini. Kuruka hajui sana, ndiyo maana karibu wote hukutwa miguuni. Msimu wake ni kiangazi, udongo ukikauka. Hachagui: mguu wa mbwa, wa nguruwe, wa panya, wa mtu aliyevaa tai juu na kandambili chini.

Tena ni mgeni. Kuenea kwake barani humu huhesabiwa tangu mwaka 1872, ilipotia nanga Ambriz, Angola, meli moja iitwayo Thomas Mitchell iliyotoka Brazil, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito majini. Mchanga ulimwagwa ufukweni, na abiria wake wakashuka. Kutoka hapo funza alidandia nyayo za wapagazi na askari, akaikata Kongo, akayafikia maziwa makuu, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshatua pwani ya Waswahili na Unguja. Bara zima, magharibi hadi mashariki, kwa miaka isiyofika 30. Hakuna mpaka aliojiandikisha, hakuna foleni aliyoipanga. Wakongo waliokimbilia Malawi wamepita vipande vya njia hiyo hiyo, ila wao walisimamishwa kwenye kila kizuizi.

Daktari, aliyekuwa amewang'oa funza wa Galu kwa sindano safi, alisafisha vidonda, akamdondoshea dawa ya viroboto mgongoni, akaonya kwamba dawa za mbwa zenye permethrini humuua paka. Agogo akamvuta wake kifuani. Pini ya nguo, aliendelea, akimtazama mtu mmoja tu, huleta usaha na hata pepopunda. Kwa binadamu ipo njia ya upole zaidi. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni yanayoziba lile tundu la kupumulia, na maji ya pamanganeti waliyozoea watu: baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza waliopakwa dimetikoni walikuwa wamekufa, dhidi ya asilimia 39 upande wa pili.

"Basi nipake," alisema mwenye mbwa, akinyoosha kidole.

"Mimi watu siwatibu, bambo. Sheria hainiruhusu. Nenda zahanati."

Pia ilihitajika kola ya kumzuia mbwa asijilambe wakati vidonda vinapona. Kola hiyo hufaa tu ukingo wake ukiipita pua kidogo. Mwenye mbwa, badala ya kununua, alitoboa kitako cha ndoo ndogo. Ikawa fupi, na Galu akaendelea kujilamba akiwa ameivaa. Akatoboa kubwa zaidi. Hiyo iliipita pua mno, na mbwa akawa beleshi lenye miguu minne. Mama jirani alikuwa ameanika usipa, dagaa wa Malawi, kwenye mkeka. Galu alinusa, akainamisha kichwa na kupita mkeka mzima, mwanzo hadi mwisho, bila kupunguza mwendo. Alipotokea upande wa pili usipa ulikuwa umemfika masikioni, na ndani ya ndoo ilisikika sauti ya mtu anayekula kwa amani. Mwenye mbwa alilipa sahani tatu. Kisha akaombwa ndoo, kwa kuwa nayo ilikuwa ya mama jirani.

Soksi za mtoto zilidumu dakika nne.

Maji ya vuguvugu yenye chumvi yalisaidia, mpaka Galu alipoyanywa.

Mafuta ya taa hayakufika mguuni: shangazi wa watoto alimnyang'anya chupa njiani.

Ikabaki kujua funza alitoka wapi, maana sakafu ya udongo isiposafishwa na kunyunyizwa maji, mbwa na mwenyewe watatibiwa mpaka Krismasi. Wa Biwi walisema umemleta kutoka kambi ya Dzaleka mwisho wa mwezi. Jamaa wa Dzaleka walisema huyo ni wa mjini, sisi usituletee. Mwenye nyumba alisema saruji si kazi yake. Kwa siku mbili funza mmoja alifukuzwa na pande zote, na kwa mara ya kwanza mwenye mbwa alimwonea huruma.

Maana na yeye, mkimbizi, anajua kufukuzwa. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Kabla ya mwaka 1994 ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda. Tangu hapo ni kambi, iliyokusudiwa watu elfu kumi na kitu, na leo wamo zaidi ya 50,000. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi. Mei polisi wakaanza kuwazoa mjini, watoto wakiwemo, na waliokuwa na maduka wakayaacha na bidhaa zake. Watu waliokuwa wameuza mchele na sabuni mtaa mmoja miaka kumi walipakiwa magarini kama waliokamatwa wakiruka ukuta. Hili halichekeshi, na mwenye mbwa amejaribu mara kadhaa kulisimulia kwa namna ya kuchekesha akashindwa.

Kwa hiyo asubuhi ile, kidole kikiwa bado wazi mbele ya mbuzi, alipouliza mbwa ataacha lini kujilamba, naye daktari akajibu bila kuinua kichwa, "Adzaleka, bambo," mkono ulikimbilia mfuko wa shati. Akatoa karatasi. Akaikunjua. Akaanza kueleza kwamba ruhusa ya kukaa mjini ipo, ni suala la tarehe tu. Daktari alimtazama bila kuelewa, na ni yule kijana wa mbuzi aliyemnong'oneza kwamba kuleka ni kuacha, na adzaleka ni ataacha. Mbwa ataacha. Ndilo jibu la swali aliloliuliza mwenyewe. Sikio lilikuwa limeiruka ile herufi ya kwanza.

Karani, ambaye aliona yote, hakusema kitu. Alivuta kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na kuijaza kwa mwandiko wa shule. Jina: Galu. Aina: galu. Rangi: nyeupe. Mahali anapoishi: akauliza, akajibiwa, akaandika Biwi. Akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga kwa nguvu, akaipuliza kadi wino ukauke.

Mwenye mbwa aliisoma kadi mara mbili akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Karatasi yake mwenyewe, kwenye mstari huo huo, imeandikwa Dzaleka. Akazitia zote mbili katika mfuko mmoja wa plastiki, ile ya mbwa ikiwa juu.