Heko, Mfumo Uko Chini

Tangazo lenyewe ni fupi na lina adabu: tunaboresha mfumo ili kukuhudumia vizuri zaidi. Kuanzia hapo hahudumiwi mtu. Huko miji mikubwa watu hununa. Sisi wa Mpanda tunajua kupokea neema.

Mzee aliyetoka Inyonga na basi la alfajiri kuja kulipia leseni amepata siku nzima ya kukaa kwenye benchi bila mtu kumtuma. Karani, ambaye juzi hakuwa na muda hata wa kuitikia shikamoo ya mtoto, leo anamuuliza habari za mpunga, mizinga ya nyuki na wajukuu. Kontroo namba haitoki, lakini undugu unatoka. Mama lishe wa nje ya geti ameshaweka jikoni sufuria ya pili ya wali. Nashangaa maboresho haya hayajaingizwa kwenye mpango wa kukuza uchumi wa mkoa.

Wala tusidhani tumebaki nyuma. Tarehe 4 Oktoba 2021, agizo moja lililotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida liliitoa Facebook kwenye intaneti kwa takriban saa sita, WhatsApp ikiwemo. Iliripotiwa kuwa kadi za kufungulia milango ya ofisi zao nazo ziligoma. Hapa kwetu funguo anazo mlinzi, kazitia kamba kazivaa shingoni. Na tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilizimisha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Nyingi ilibidi fundi aifikie kila moja kwa mkono wake. Dunia nzima, kwa siku chache, ilihudumiwa kwa utaratibu wetu.

Wataalamu wanashauri sasisho lijaribiwe kwanza kwa watumiaji wachache, na toleo la jana liwekwe tayari, ili mambo yakiharibika urudi ulikotoka. Huo ni woga. Wanaume hasa husasisha Jumatatu asubuhi, kwa watu wote kwa mkupuo, wakiwa wameshalifuta la jana.

Kwenye droo ya karani limo kaunta buku lenye jalada lililochakaa. Halijawahi kuboreshwa, na halijawahi kuzimika, ndiyo maana haliaminiwi.

Nawe msomaji, ukiwa na chochote cha kulipia wiki hii, karibu sana. Njoo na karanga, chaja ya simu na shuka.