Kikao cha Darini

Panya Buku hakuwa mpenzi wa muziki. Alikuwa mpenzi wa gundi, na ndiyo maana alikuwa wa kwanza kulijua lile boksi la kanda darini mwa nyumba moja ya Shangani, nyumba ambayo mwenyewe kaiuza na mafundi wameshaanza kuigeuza hoteli. Msimamizi wao alitangaza kwa sauti iliyofika kwenye matundu yote: kesho asubuhi dari inasafishwa, kilichomo kinakwenda jaani.

Ndani ya boksi mlikuwa na kanda za Queen, kuanzia albamu ya 1973 hadi ya 1995, zimepangwa kwa miaka na mtu aliyelelewa vizuri. Panya Buku akapiga hesabu. Mdomo wake unabeba kanda moja, na tundu lake halina nafasi ya pili. Angeweza kuchukua yoyote akanyamaza. Kosa lake ni kuuliza: “Jamani, ipi ndiyo nzuri?”

Swali hilo lilitembea juu ya mapaa ya mabati upesi kuliko harufu ya papa, na isha ilipopita dari ilikuwa imejaa.

Msomaji wa bara atashangaa wanyama wa Unguja wana nini na bendi ya roki ya Kiingereza. Wana yao. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa katika mji huu tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi waliotokea Gujarat. Akapelekwa skuli ya bweni India, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, wazee wake wakahamia naye Uingereza. Bendi yake haikuwahi kuja kupiga hapa. Mji nao haujaamua ufanye naye nini: mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la Kiislamu la Uamsho kuipinga, na mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Mji Mkongwe. Katika mji kama huo, hata panya hatakiwi kukosa msimamo.

Mzee Kobe wa Changuu alipewa uenyekiti, yaani waliacha akae pale alipokuwa. Yeye na wenzake waliletwa kisiwani mwaka 1919, zawadi kutoka Shelisheli, na tangu hapo hajapata kusikia jambo ambalo hakulijua kabla. Alivukaje maji hadi Shangani, na alipandaje ngazi? Mwenyewe husema alianza safari ilipotoka albamu ya kwanza, na kwamba mwendo ndio unaomtenganisha shabiki wa kweli na mpita njia.

“Sitaki maneno mengi,” alisema, na hapo kila mtu akajua usiku utakuwa mrefu. “Bendi ile ilikwisha mwaka 1974, ilipotoka Queen II. Santuri ile haikuwa na upande wa kwanza wala wa pili, ilikuwa na upande mweupe na upande mweusi. Mweusi wote ni wa Farrokh. Mweupe karibu wote ni wa Brian May, na gita alilopiga alilichonga na baba yake kwa mbao za meko ya zamani. Na jalada la ile albamu ya kwanza kabisa lilieleza wazi kuwa hakuna aliyepiga sinthesaiza. Ile ilikuwa ahadi. Mwaka 1980, kwenye The Game, wakaivunja.”

“Shikamoo babu,” ilisema sauti kutoka juu, chini-juu, kwa kuwa Popo alikuwa ananing'inia. “Ahadi waliitoa wao. Wewe ulikuwa shahidi wa nani?”

“Marahaba. Kaa vizuri kwanza ndipo uongee na wakubwa.”

Kabla Popo hajajibu, Paka Shume wa Forodhani alikuwa ameshajinyoosha katikati ya dari. Huyu hajawahi kuwa na rai ambayo haijapikwa na mwengine. Hula kwenye kila meza ya mishikaki na husikiliza kila mgeni anayekula. Yeye alisema A Night at the Opera, ya 1975, na alisema kama mtu anayetaja jina la mji mkuu. Wimbo wake mkubwa unakaribia dakika sita, hauna kiitikio, katikati unageuka opera ambayo kwaya yake yote ni sauti za watu watatu zilizorundikwa juu ya nyingine, tena mna neno la Kiarabu ambalo mtoto wa chuoni hulijua kabla ya alifu. Wenye biashara ya santuri waliogopa kwamba hakuna redio itakayoupiga. Ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa.

“Na ukiutoa huo, albamu iliyobaki inasemaje?” aliuliza Kobe.

Paka akaanza kujilamba mguu. Nimewahi kuona watu wazima wakifanya hivyo hivyo.

Kunguru hakungoja zamu. Watu wa mji huita mapapasi wale vijana wanaowaganda wageni kuwaonyesha nyumba na maduka, na Kunguru ndiye papasi mkuu wa angani. Alianza kwa nasaba, kama kawaida yake. “Mimi na Farrokh asili yetu Bara Hindi. Babu zangu waliletwa hapa karne ya 19 ili wale taka za mji, kwa mwaliko, si kwa kuzamia. Kwa hivyo nasema kama ndugu wa marehemu: News of the World, 1977. Mnajua kwa nini? Kwa sababu nyimbo mbili za mwanzo hazina haja ya bendi. Moja ni miguu na makofi, nyengine ni ya washindi. Wageni wangu wakifika mlangoni pa nyumba ya Farrokh, Barabara ya Kenyatta, mimi nagonga bati mara mbili tu, wao wenyewe wanamalizia. Albamu isiyoweza kupigwa na watu wasiojua kupiga, faida yake ipi?”

Hoja hiyo ilikuwa nzuri kuliko aliyeitoa, na ndiyo maana haikujibiwa. Badala yake aliulizwa kwa nini kila wiki anaonyesha mlango tofauti.

Nami msimulizi, lau ningealikwa, ningeitaja Sheer Heart Attack ya Novemba 1974. Waliirekodi huku mpiga gita akiingia na kutoka hospitali, wenzake wakimwachia nafasi tupu ndani ya nyimbo aje azijaze akipona, na bado ikatoka nyepesi na yenye mzaha. Hakuna mnyama aliyeitaja usiku ule. Hiyo ndiyo bahati ya kitu kilichozaliwa mwaka mmoja kabla ya ndugu yake maarufu.

Sasa zamu ya Popo. Inajulikana kwamba vita vya ndege na wanyama vilipotokea, kila upande ulimkataa, na pengine ndipo alipoanza kuipenda Hot Space. Albamu hii ya 1982 ndiyo mashabiki wa Queen huitumia kupimana imani: ukiisifu unatazamwa kama uliyekula mchana wa Ramadhani. Gita limesukumwa pembeni, besi imekaa mbele, mdundo wa disko tangu wimbo wa kwanza.

“Mnasema walipotea,” alisema Popo. “Miaka miwili kabla, John Deacon, yule mkimya wao mpiga besi, aliwatungia wimbo wa dansi ukashika nafasi ya kwanza Marekani, na Michael Jackson mwenyewe ndiye anayetajwa kuwahimiza wautoe peke yake. Mbona hapo hamkulia? Mlicheza. Walipofanya albamu nzima ya kitu mlichokuwa mkikicheza, ndipo mkakumbuka ahadi.”

“Disko si roki,” alisema Kobe.

“Na opera je?”

Kimya kidogo. Paka alisema opera ni tofauti. Alipoulizwa tofauti ipi, alisema inajulikana.

“Halafu,” Popo aliendelea, akiwa sasa amechangamka hadi kichwa kimeanza kumwinuka, “wimbo wa mwisho wa Hot Space ni ule walioimba na David Bowie. Nani humu ndani haupendi?”

Hakuna aliyeinua mkono, ukwato wala bawa.

“Ule hauhesabiwi,” alisema Mzee Kobe. “Ulitoka mwaka mmoja kabla, 1981. Uliwekwa pale tu.”

Nisimame hapa kidogo, maana ndiyo mashine yote ya ushabiki imefunuliwa tumbo. Albamu unayoichukia ikiwa na wimbo mzuri, wimbo ule si wake. Unayoipenda ikiwa na wimbo mbaya, ule ni mzaha wa makusudi ambao wajinga hawakuuelewa. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kuishi miaka mia bila kubadilisha mawazo, na mwenyekiti alikuwa ushahidi.

Komba alikuwa amelala kwenye boriti, ananuka tembo. Watu husema kulewa kama komba, na yeye hajawahi kukanusha. Aliamka akalia kile kilio chao cha kitoto, kisha akataja Innuendo, ya 1991. “Mtu anakufa,” alisema, “na anajua. Kasimama kwa shida. Brian May anamletea wimbo mgumu wa kufungia albamu, anamwambia sijui kama utauweza. Yeye anakunywa vodka, anaingia, anauimba wote. Februari ilitoka, Novemba 24 akafariki. Nyinyi mnaniambia habari za sinthesaiza.”

Hapo hata Kunguru aliinamisha mdomo. Lakini kikao ni kikao. Paka akauliza: je, Komba anaipenda albamu au anapenda msiba? Maana, alisema, mtu angekuwa hai leo, ingesifiwa hivyo? Swali lilikuwa la haki na lilikuwa la ukatili, na Komba alilijibu kwa kumrushia kokwa la embe. Ikaja na ile ya 1995, Made in Heaven, iliyomaliziwa na wenzake watatu kwa sauti alizowaachia: Kobe akasema marehemu hatoi albamu, Kunguru akasema marehemu ndiye mtoaji bora kwa sababu hadai mgao.

Kulikuwa na mmoja ambaye hakuulizwa. Kima Punju alikuwa ametoka Jozani kwa juu ya daladala, na sifa zake zilikuwa mbaya tangu mlangoni: aliijua Queen kwa ile filamu ya 2018. Alikuwa ameketi karibu na boksi, anazitoa kanda moja moja kwa vidole, anazisoma. Akainua moja.

“Mimi naona achukue hii. Ina nyimbo nyingi nzuri.”

Ilikuwa Greatest Hits, ya 1981.

Sijui niieleze vipi kelele iliyofuata. Mzee Kobe alitoa kichwa nje urefu ambao vijana hawakujua kuwa anao. “Hiyo si albamu! Ni mkusanyiko! Ni sahani ya harusi, kila mtu kachota kidogo kwenye sufuria la mwenzake!” Popo, Paka na Kunguru, waliotukanana tangu isha, walijikuta wamesimama upande mmoja, na nathubutu kusema hakuna albamu iliyowahi kuwapatanisha hivyo.

“Si ndiyo iliyouzwa kuliko zote Uingereza?” aliuliza Kima kwa upole. “Si ya Queen tu. Kuliko albamu yoyote ya mtu yeyote.”

“Ndiyo maana!” alisema Kobe.

“Na wimbo wa kwanza ni ule mrefu wa Bwana Paka, wa 1975. Wa pili ni ule wa besi wa Bwana Popo, wa 1980. Zimefuatana. Mamilioni wamezisikiliza zikifuatana hivyo, na sijasikia kwamba kuna aliyezimia.”

Aliamriwa akae nyuma.

Panya Buku, ambaye alfajiri ilikuwa inamkaribia, akasema basi Mzee kwa kuwa ni mkubwa achague, tumalize. Kobe akasema Queen II, na ili vijana wajifunze, ipigwe. Pale darini palikuwa na redio kaseti ya zamani yenye betri. Komba, mwenye vidole, akatia kanda, akabonyeza.

Kikatoka kishindo cha mikwaruzo. Kisha fidla. Kisha ganuni, akodiani, na sauti ya mama wa makamo akiwaasa maharusi, na vigelegele nyuma yake. Mwenye nyumba, kama wenye nyumba wengi wa enzi za kanda, alikuwa amerekodi harusi juu yake.

Mzee Kobe alifumba macho. Shingo ikaanza kuyumba taratibu. “Mnasikia?” alisema kwa sauti ya kulia. “Hakuna sinthesaiza.”

Wanyama wakatazamana. Kima Punju alifungua mdomo, akaufunga. Ni Komba aliyesema, “Babu, hiyo ni taarabu.”

Kobe hakufumbua macho. “Za mwanzo zilikuwa hivyo.”

“Taarabu kweli,” alisema Paka, sikio likiwa limesimama. “Na hao ni kikundi cha Ikhwani Safaa, si wengine.”

“Culture!” alipiga kelele Kunguru. “Fidla ile ni Culture, hata bata anajua!”

“Ikhwani wapo tangu 1905, usilete mchezo.”

“Ukongwe si utamu!”

Popo akasema kutoka juu kwamba yeye, kwa kweli, anapenda rusha roho za vinanda vya umeme, na hapo ndipo kokwa la pili la embe liliporuka.

Walikuwa katikati ya hilo mafundi walipoingia. Wenye mbawa wakatokea dirishani, wenye miguu wakatokea ngazini, kanda na redio zikatiwa kwenye toroli, na fundi kijana akawasha singeli kwenye simu yake ili kazi iende. Mzee Kobe peke yake hakuwahi kufika mlangoni. Msimamizi alimpenda. Sasa yuko uani mwa hoteli, kajengewa kibanda chenye kivuli, na Kunguru huwaeleza wageni kwa dola tano kwamba huyu ndiye aliyemfundisha Farrokh kuimba.