Chiriku na Uzi wa Nyegere

Katika misitu ya miyombo ya Tabora, upande wa Sikonge, Nyegere alikuwa na mizinga mingi kuliko mnyama mwingine yeyote. Ilining'inia kwenye mininga na mitundu, mizinga ya magome iliyofungwa kwa kamba, na ndani yake mlikuwa na asali ya kila namna: mpya, ya mwaka jana, na ile ya kando ya mto iliyokwisha kuanza kuchacha. Asali alikuwa nayo. Wanunuzi ndio hawakutosha. Basi akatangaza kwamba ndege yeyote atakayemletea mnunuzi atapewa nta, sehemu nane katika kila mia ya atakachonunua mgeni huyo.

Masharti aliyasema, ila kwa sauti ya chini. Kila ndege angepewa uzi wa rangi yake amfunge mnunuzi mguuni, ili Nyegere akiuona ajue nta ni ya nani. Uzi ungedumu mchana mmoja na usiku mmoja, kisha ukatike wenyewe. Mnunuzi akija baada ya hapo, nta inabaki kwa Nyegere. Na ndege ambaye angemaliza miezi sita bila kuleta wanunuzi watatu angenyang'anywa uzi.

Masharti haya sikuyatunga kwa kufurahisha hadithi. Amazon ilianza kuwalipa watu kamisheni kwa kuwaelekeza wanunuzi dukani kwake mwaka 1996, na hadi leo linki ya mshiriki kwa kawaida huhesabiwa kwa saa 24 tangu mtu abofye, na akaunti mpya ambayo haijaleta mauzo matatu ndani ya siku 180 hufungwa. Kijana anayeanza bila mfuasi hata mmoja huambiwa habari za kamisheni. Habari za saa 24 huzikuta mbele ya safari.

Chiriku alikuwa na kiota, makinda manne, na riziki ya kuokota mtama katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Kiangazi kile kilimbana. Hakuwa mvivu, na napenda hili lieleweke mapema, kwa sababu wapo wanaowasema vibaya watu wanaohangaikia kipato cha pembeni. Ni mwalimu ambaye mshahara wake haufiki tarehe ishirini. Ni binti wa duka la dawa anayewasomesha wadogo zake wawili. Mtu wa namna hiyo akitafuta mlango wa pili, anastahili kuambiwa ukweli kuhusu mlango wenyewe.

Aliyempa Chiriku habari za uzi ni Kunguru. Kunguru alikuwa na sauti, na alikuwa na tawi la juu kabisa la mkuyu, ambako kila jioni aliinua donge kubwa la nta ili likamate mwanga wa magharibi. Ndege wa msitu mzima walikusanyika chini yake.

"Nta hii nimeipata nikiwa nimelala," akasema. "Huhitaji kujulikana. Huhitaji mtu wa kukufuata. Unahitaji uzi na somo langu."

Somo lilikuwa kibaba kimoja cha mtama. Aliyemleta mwanafunzi mwingine alirudishiwa robo. Chiriku akalipa kibaba chake kizima, akafundishwa namna ya kufunga fundo na maneno ya kupigia kelele, basi.

Kesho yake alfajiri akasimama kwenye njia panda. "Asali! Asali ya Nyegere! Leo tu!" Wa kwanza kupita alikuwa Tembo, na Chiriku akamrukia mguu na uzi wake.

"Mjukuu wangu," Tembo akamwambia kwa upole, "nyuki mimi nawakimbia."

Na ni kweli anawakimbia. Kule Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima huzungushia mashamba yao mizinga ya nyuki kusudi tembo wasiingie. Chiriku angemuuliza mzee swali moja tu kabla ya kumfunga uzi, angelijua hilo. Lakini somo la Kunguru halikuwa na sura ya kuuliza maswali.

Swala walipita mbio. Ngiri hakuinua kichwa. Digidigi mmoja ndiye aliyesimama, akasikiliza yote, akakubali kufungwa uzi, akasema, "Ngoja nikashauriane na mume wangu." Siku ya tatu Chiriku aliwaona wawili hao wakirudi kutoka kwa Nyegere wakiburuta sega zima, nene, linalochuruzika asali njiani. Akashuka mbio kumtazama mke miguu. Uzi ulikuwa umeshakatika. Akaenda kudai kwa Nyegere, naye Nyegere, bila ukali wowote, akamwonyesha kitabu chake: mnunuzi amekuja mwenyewe.

Njia panda iliposhindwa kumlipa, Chiriku akawageukia ndugu. Hapa ndipo hadithi hii inaponiuma zaidi.

Ilikuwa siku ya msiba wa babu yao. Chiriku wote walikuwa wamekaa chini ya mwembe wa kijijini, wengine wakiwa wamesafiri tangu juzi. Mmoja akimaliza kutoa pole, Chiriku anadakia kuwa asali hutuliza moyo wa mfiwa. Mwingine akisimulia wema wa marehemu, yeye anapita nyuma yake akifunga uzi. Jioni shangazi yake akamwita kando.

"Mwanangu," akasema, "leo umeniamkia shikamoo, na kabla sijaitika marahaba nilikuwa nimeshafungwa uzi. Mwezi mzima ukija kwangu sijui kama umekuja kunijulia hali. Wadogo zako wakikuona wanakunja miguu."

"Shangazi, natafuta chakula cha watoto."

"Najua. Na ungeniambia hivyo ningekupa mtama. Sasa nimekuwa nakukwepa, na wewe ni mtoto wa kaka yangu."

Mwenye kundi la familia au la kwaya kwenye simu yake anaujua msiba huu. Tangazo la kifo limewekwa asubuhi, watu wanaandika pole, na katikati ya pole hizo inatumbukia linki ya blenda yenye punguzo. Aliyeituma si mtu mbaya. Ameambiwa aanze na watu wake wa karibu. Hakuambiwa kwamba watu wa karibu ni akiba ambayo ameichuma kwa miaka, kwa kuhudhuria misiba na kuchangia harusi, na kwamba akiba hiyo ikichotwa kwa ajili ya kamisheni ya blenda hairudi upesi. Tuipige hesabu waziwazi. Blenda ya shilingi 40,000 kwa kamisheni ya asilimia 3 inamletea shilingi 1,200, tena ikinunuliwa, tena ndani ya muda. Bando alilonunua ili aitume linki hiyo wiki nzima limekula zaidi ya hapo.

Kisha Nyegere akapunguza nta. Hakumshauri yeyote, alibandika tangazo kwenye mninga kwamba sehemu nane sasa ni tatu. Aprili 2020 Amazon ilifanya jambo hilohilo kwa washiriki wake: kamisheni ya fanicha na vifaa vya nyumba ilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Waliokuwa wamejenga kazi ya miaka juu ya asilimia 8 walisoma tangazo kama kila mtu.

Chiriku, kwa hasira, akamwendea Mlembe. Huyu ndiye ndege mdogo, wa rangi ya vumbi, anayewaongoza watu kwenye nyuki na kula nta inayobaki. Msitu mzima ulijua kwamba Mlembe hakosi nta.

"Kaka Mlembe, wewe uzi wako una dawa gani?"

"Sina uzi," Mlembe akajibu. "Nina watu wanaoniita."

Akamchukua akamwonyesha. Mrina asali alikuwa anakuja na shoka begani na mwenge wa majani, na kabla hajaona ndege wala nyuki, akatoa mwito wake. Mlembe akaitika, akaruka mti mmoja mbele, akageuka kutazama kama mtu anafuata, akangoja, akaruka tena. Alipofika kwenye mti wenye nyuki akanyamaza, akatulia tawini. Mrina akaweka sikio kwenye shina.

Hili nalo halikutoka katika ndoto ya mtunzi. Warina asali wa Kiyao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita mlembe kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno mfupi. Utafiti ulioongozwa na Claire Spottiswoode, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa kwa mwito huo uwezekano wa mtu kufikishwa kwenye nyuki ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54, ukilinganisha na sauti nyingine. Mwaka 2023, yeye na mtafiti mwenzake Brian Wood wakaonyesha jambo zito zaidi: mlembe wa Niassa huitikia mwito wa Wayao kuliko mluzi wa Wahadza, na mlembe wa vilima vya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi, huitikia mluzi wa Wahadza kuliko mwito wa Wayao. Kila upande umejifunza sauti ya wenyeji wake. Kule ambako hakuna aliyekuzoea, ukelele wako ni kelele tu, hata kama asali ipo kweli.

"Mtu huyu," Mlembe akaendelea, "nikimfikisha kwenye mti mtupu leo na kesho, kesho kutwa atapita njia nyingine. Nyegere aliniahidi nta maradufu nimpeleke kwenye ile mizinga ya kando ya mto. Nilikaa kimya siku saba."

"Na akikupunguzia nta, kama alivyotufanyia sisi?"

"Hata mimi hupunguziwa. Wapo Wahadza ambao wakishakula asali huyachoma masega au huyaficha, ili nibaki na njaa na niendelee kuwaongoza. Anayelipa ndiye mwenye kushika sega, mdogo wangu. Ndiyo maana nakula mchwa na wadudu pia. Mlo wangu wote sijaufunga kwenye nta."

Chiriku akakaa kimya, kisha akamuuliza habari za Kunguru.

"Umewahi kumwona Kunguru mzingani?" Mlembe akauliza.

Hakuwahi, yeye wala ndege mwingine. Wakahesabu pamoja wanafunzi wote waliolipa kibaba tangu masika, na hesabu ilipokamilika Chiriku akajua donge lile la nta limetoka wapi. Kunguru alibadilisha mtama kwa nta, tena mtama wenyewe ni wao. Aliyekuwa akiwaambia kuwa hawahitaji watu wa kuwafuata alikuwa akiishi kwa sababu wao walimfuata. Hapa sina maneno ya kupamba: anayemuuzia mtu mwenye njaa somo ambalo yeye mwenyewe hajala matunda yake anamwibia, hata akimpa risiti.

Chiriku akarudi kwa shangazi yake kwanza, akaomba radhi, akafungua nyuzi alizofunga miguuni mwa nduguze. Halafu akaishika tena kazi aliyokuwa akiijua. Miaka yote ya kuokota mtama ilimfundisha shamba gani limevunwa jana, kisima gani bado kina maji mwezi wa tisa, na punje zipi zimepuliziwa dawa na hazifai kuliwa. Hayo akaanza kuyasema kila alfajiri, kutoka tawi la chini, bila kumfunga mtu chochote. Wiki za kwanza walimsikiliza makinda yake na kwera mmoja mzee. Baadaye likaja kundi la tetere, kwa sababu mmoja wao alifuata habari ya kisima akakuta maji. Miezi sita ikapita. Uzi wake ukachukuliwa, na hakuusikitikia sana.

Masika yaliyofuata Njiwa akamjia na swali. Makinda yake yalikuwa na kikohozi, na amesikia asali inafaa. "Ya Nyegere ni nzuri? Wewe ndiye nakuamini."

"Sijawahi kuionja," Chiriku akajibu.

Ilikuwa kweli. Katika kelele zake zote za njia panda hakuwahi kuionja. Akachukua mtama wake, akaenda kwa Nyegere akanunua kidogo ya kila mzinga, akaomba na uzi mpya. Siku mbili baadaye akamrudia Njiwa.

"Ya kwenye mitundu ni safi, nzito. Ya kwenye mininga ni nzuri ila bei yake imezidi. Ya kando ya mto usiiguse, imechacha. Na ujue kabisa, nikikupeleka Nyegere atanipa nta, sehemu tatu katika mia."

Nchini Marekani sheria inamtaka anayelipwa kwa kusifia bidhaa aseme hivyo waziwazi. Chiriku hakuwa na sheria juu yake. Alikuwa na shangazi.

"Sehemu tatu?" Njiwa akashangaa. "Mbona ni kidogo hivyo, kwa mwendo wote huu?"

"Ni kidogo. Mtama ndio unaonilisha."

Njiwa akafikiri, akanyoosha mguu afungwe. "Basi tangulia. Lakini tupitie kwanza kwenye kile kisima ulichokitaja jana, nijaze kibuyu. Na yule jirani yangu tetere naye anakuja, ila yeye hataki asali. Anataka umwambie shamba la mzee wa bondeni litavunwa lini."