Biti za Dhahabu
Ukitaka kumjua fundi wa Ilembo anayeanzisha karakana uani kwake, tazama biti zake za drili: zinang'aa kuliko pete ya harusi. Seti nzima kwa bei ya kuku, nani akatae? Ila dhahabu hiyo mara nyingi ni rangi tu. Biti ya kutoboa chuma huhitaji chuma chenye tungsteni au molibdeni, kinachobaki kigumu hata joto likifika nyuzi 500. Chuma cha kawaida hulainika mapema zaidi. Ncha hugeuka bluu, na drili huendelea kuzunguka kwa heshima zote huku bomba la geti likipigwa msasa badala ya kutobolewa.

Mtetezi atasema bei ndogo ndiyo mkombozi wa mnyonge. Kwa mbao za msonobari, sawa, hazina makuu. Lakini mkurungu wa Katavi hauna huruma, na chuma ndiyo kabisa. Tena huyo asiye na hela ya biti moja nzuri amekwishanunua seti tatu. Heri kipande cha springi ya lori bovu kilichofuliwa kikawa patasi: hakina rangi, wala hakijamwahidi mtu chochote.